Kijisanduku changu na roketi ya Ariane 5

Nimepotea siku kadhaa, nilikuwa nimebanwa na kijisanduku. Ndiyo, kijisanduku cha kujazia namba kwenye ukurasa wa wavuti. Nilikitengeneza muhula uliopita kwa fomu ya alama, 0 hadi 100, kikapiga kazi safi. Juzi nikakinyofoa kama kilivyo, nikakipachika kwenye fomu ya michango ya safari yetu ya mafunzo. Dada mmoja akaandika 45,000 na koma yake. Kijisanduku kikaishia kwenye koma, kikasoma 45. Kimya kimya! Orodha ikatoka, yeye anaonekana anadaiwa, na pesa yenyewe alikopa. Alinijia analia.

Roommate wangu akaniambia, "Wewe na Ariane 5 lenu moja." Nikaenda kusoma.

Basi bwana, tarehe 4 Juni 1996, Kourou, Guyana ya Ufaransa. Roketi mpya ya Ulaya inaruka kwa mara ya kwanza, imebeba satelaiti nne za Cluster. Sekunde kama 30 tu tangu iache ardhi, ikapoteza mwelekeo, ikapinda na kulipuka.

Tume ya uchunguzi chini ya Jacques-Louis Lions ilitoa ripoti Julai hiyohiyo. Injini hazikuwa na shida. Mtambo wa kupima mwelekeo ulitumia programu iliyochukuliwa kutoka Ariane 4. Ndani yake namba moja inayotokana na kasi ya kwenda upande ilitolewa kwenye biti 64 na kubanwa kwenye biti 16, ambazo mwisho wake ni 32,767. Ariane 4 haikufika huko. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi, namba ikazidi, mtambo ukazima. Ule wa akiba? Ulikuwa na programu ileile, ukatangulia kuzima! Kompyuta kuu ikapokea ujumbe wa hitilafu, ikadhani ni takwimu za safari, ikaufuata.

Sasa hapa ndipo nilipokaa sana. Wale jamaa hawakuwa wazembe. Walikuwa na namba saba za aina hiyo. Nne wakaziwekea ulinzi, tatu wakaziacha makusudi, kwa sababu kompyuta isizidi asilimia 80 ya uwezo wake na waliona hizo tatu haziwezi kuzidi. Kwa Ariane 4 walikuwa sahihi kabisa. Ila sababu yenyewe haikuandikwa ndani ya programu, kwa hiyo aliyeirithi hakuona mpaka uko wapi. Na kinachouma zaidi, kazi ile ya programu kwenye Ariane 5 haikuhitajika tena roketi ikishaondoka!

(Satelaiti mpya za Cluster zilirushwa 2000, kwa roketi za Soyuz kutoka Baikonur.)

Mimi namba yangu ilikuwa 100, nayo niliiweka kichwani tu. Usiku wa jana nimekifumua kijisanduku. Kila fomu sasa lazima itaje yenyewe namba ya chini na ya juu, isipotaja hakifunguki. Herufi au koma nisiyoielewa inarudishwa kwa maandishi mekundu, hakuna kukisia. Yule dada nimemrekebishia, nikamwomba radhi mbele ya kundi zima. Bado kuna majina sitini ya kukagua moja moja, ngoja nirudi maabara kabla hawajafunga.