Kutoka Kale Hadi Volani: Namna Mashofere Wetu Walivyofundishwa

Ndugu wanachama, karibu kila mkutano swali hili linarudi: juu ya nini vijana wetu wengi wanajua kamyo, lakini wenye permi ni wa kuhesabu? Wengine wanajibu haraka kwamba ni ukimbizi ndio ulituharibia. Ni kweli kidogo tu. Swali hili lina umri karibu sawa na barabara zenyewe, na wazee wetu walikutana nalo kabla hatujavuka ziwa. Tuifuate hadithi yake tangu mwanzo, halafu tuseme tunafikiria nini sasa.

Zamani mizigo ya upande wetu ilibebwa kichwani. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na ile ya Kabalo ilifika Albertville, Kalemie ya leo, mwaka 1915. Kati ya reli hizo mbili kulikuwa na ziwa na mashua zake. Lakini reli na mashua havipandi milima. Pamba ya bonde la Ruzizi na vifaa vya machimbo ya dhahabu ya Kamituga vilihitaji njia nyingine. Basi wakoloni wakafungua barabara, na waliochimba ni babu zetu, kwa nguvu. Kamyo zikachukua nafasi ya wapagazi.

Mwenye kamyo alikuwa mzungu, au mfanyabiashara Mgriki au Muhindi. Shofere akawa mwafrika. Na nyuma ya shofere akawepo boyi. Neno hilo "boyi" halikuwa na habari na miaka ya mtu. Mwanaume mwenye watoto wanne na mvi kichwani aliitwa boyi, juu hakuwa na permi.

Kazi ya kwanza ya boyi ni kale, kile kipande cha mti chenye umbo la kabari. Kamyo ikipanda mlima na kushindwa, boyi anaruka chini na kukitupa nyuma ya gurudumu kabla mzigo haujairudisha bondeni. Akichelewa, ni msiba. Ndiyo maana wazee wanasema mpaka leo: "Mutoto anaanza na kale." Baada ya kale kulikuja kuosha, kuweka grisi, kubadilisha mipira, kushika kriki. Halafu kuwasha mashini asubuhi na kuisikiliza. Halafu kusogeza kamyo ndani ya parkingi. Halafu kuendesha ikiwa tupu, mahali pa tambarare. Mwisho kabisa, usiku, shofere akichoka, kuendesha na muzigo. Safari hiyo kutoka kale hadi volani iliweza kuchukua miaka mitano, miaka kumi. Hapakuwa na karatasi ya kuonyesha umefika wapi. Aliyejua ni shofere wako peke yake, na akikufukuza, unaanza tena chini kwa mwingine.

Tusiidharau shule hiyo. Ilifundisha mambo ambayo hayamo katika kitabu. Ilifundisha kusubiri kwenye baria ya mvua, juu barabara ya udongo ikipitwa ingali mbichi inakufa kwa wote. Ilifundisha kushuka mlima kwa vitesi ile ile ambayo ungepandia nayo, ili mashini izuie muzigo, sio freni peke yake. Freni ikishikwa muda mrefu inapata moto, na ikipata moto inaacha kushika. Kila aliyeshuka escarpement ya Ngomo kutoka Bukavu kuelekea Kamanyola anajua tunasema nini.

Shule nyingine ilikuwa jeshi. Wakati wa vita kuu ya pili, Force Publique ilitembea mbali. Mwezi wa saba mwaka 1941 askari wake walikuwa Saïo, nchini Ethiopia, wakati Waitaliano walipojisalimisha. Jeshi linalokwenda mbali hivyo linahitaji watu wa kamyo, na jeshi halina miaka kumi ya kusubiri boyi akomae. Lilifundisha kwa miezi, kwa kanuni, kwa mtihani. Tazameni basi: ufundi ule ule ambao barabarani ulichukua miaka kumi, pale penye haja uliweza kufundishwa kwa mpango. Urefu wa miaka ya boyi haukutokana na ugumu wa kazi tu. Ulitokana pia na kwamba boyi alikuwa mkono wa bei rahisi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960, serikali ilijaribu kuleta utaratibu. INPP, chuo cha kuandaa wafanyakazi, kilizaliwa mwaka 1964. Office des Routes ikaja mwaka 1971. Tarehe 30 mwezi wa nane 1978 ikatoka sheria ya Code de la Route, ambayo mpaka leo ndiyo watu wa rulaji wanakutajia wakikusimamisha. Kwa sheria hiyo permi ina kategoria zake, na anayejua voiture ndogo hana haki ya kushika kamyo kwa sababu hiyo tu.

Karatasi ilikuwa nzuri. Lakini barabara ilikuwa inakwenda upande mwingine. Kwa zairianisation ya mwezi wa kumi na moja 1973, maduka na kamyo za wageni ziligawiwa kwa watu ambao wengi wao hawakujua biashara hiyo. Kamyo nyingi zilikufa kwa kukosa pièces. Barabara zikaliwa na mvua, kantonyeri wakakosa mshahara. Kamyo zikipungua, nafasi za kujifunza nazo zinapungua. Mshahara wa mtumishi wa ofisi ukiwa hautoshi, karatasi inaanza kuwa na bei. Hapo ndipo ufundi na permi vilipoachana njia. Ulikuwa na watu wawili: mmoja anajua kamyo na hana permi, mwingine ana permi na hajui kamyo. Wa kwanza alilipa kwenye kila baria. Wa pili waliolipa ni wengine, waliokaa juu ya mizigo.

Sisi tulivuka ziwa katika hali hiyo. Waliokimbia mwaka 1996 na miaka iliyofuata wanakumbuka Nyarugusu na Lugufu. Kule kamyo ndiyo iliyoleta unga, maharage na mafuta. Vijana wetu walipakua magunia, wakazoeana na madereva, wakajifunza maneno mapya: shofere akawa dereva, boyi akawa utingo, permi ikawa leseni, kamyo ikawa lori. Wengine walisafiri kimya kimya kama utingo. Kimya kimya, juu mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 nje ya kambi bila kibali. Sasa mtu asiyeruhusiwa kufika mjini atafanyaje mtihani wa leseni mjini? Wakati Watanzania wa rika letu walikuwa na VETA na chuo cha usafirishaji cha Dar es Salaam, NIT, vijana wetu walijifunza kwa njia ile ile ya babu: kuanzia na kale.

Kurudi kulianza mwaka 2005, meli ikitoka Kigoma kuja Baraka. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Tukarudi na mabati, na vyeti vya shule, na watoto waliozaliwa kule. Tukarudi pia na ufundi ambao haukuandikwa popote. Kijana aliyeshinda miaka minane kwenye lori za Kigoma alifika Fizi, na mwenye kamyo akamuuliza neno moja tu: "Permi iko wapi?" Hana. Akaanza tena nyuma, juu ya mizigo, akiwa na miaka thelathini.

Kuna jambo lingine linalotuhusu kuliko wengine. Tanzania wanapita kushoto, na volani iko upande wa kuume. Kongo tunapita kuume, na volani iko kushoto. Hilo si jambo dogo. Lori linalotoka Dar es Salaam likiingia kwetu, dereva anakaa upande wa majani, si upande wa katikati ya barabara. Akitaka kumpita mwenzake haoni mbele. Anayeona ni utingo, aliyekaa upande wa pili. Ni yeye anasema "pita" au "ngoja". Maisha ya watu wote barabarani yanakaa kwenye mdomo wa kijana ambaye hakufundishwa na mtu, hana karatasi, na mshahara wake ni chakula cha njiani. Nani kati yetu hana mtoto au shemeji aliyefanya kazi hiyo?

Tukumbuke pia Sange. Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, kamyo ya mafuta ilipinduka pale kijijini, katika teritware ya Uvira. Watu wakakaribia, wengine wakachota mafuta yaliyomwagika. Moto ukashika. Walikufa watu zaidi ya 200. Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Tunaandika juu inatukumbusha kwamba kubeba mafuta ni ufundi mwingine kabisa. Shofere na boyi wanapaswa kujua la kufanya katika dakika ya kwanza baada ya ajali: kuzima mashini, kufukuza watu mbali, kukataza sigara na simu, kusimamisha magari pande zote mbili. Hayo mtu hawezi kuyajifunza kwa kungoja yamtokee.

Basi, historia inatuambia nini? Kwanza, njia ya boyi inatoa ufundi wa kweli, na tusikubali mtu kusema vijana wetu hawajui kitu. Pili, njia hiyo peke yake inamfanya mtu awe mtumwa wa shofere wake na wa kila baria. Tatu, permi ya kununua haijibu swali lolote. Inamtoa mtu kwenye shida ya rulaji na kumwingiza kwenye shida ya mlima. Kinachotakiwa ni kuvirudisha pamoja vitu viwili vilivyoachana.

Nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAC, mwaka 2022. Kamyo zitaongezeka kati ya Dar es Salaam, Bujumbura, Uvira na kwingine. Wenye kamyo watatafuta watu wanaojua pande zote mbili za barabara, wanaosema Kiswahili cha kambini na Kifaransa cha baria. Watu hao ni sisi. Lakini bila kategoria ya kamyo kwenye permi, kazi hiyo itapita mbele ya nyumba zetu kama vumbi.

Ndiyo maana komite inaleta mapendekezo haya kwa mkutano ujao. Kila kikao cha likirimba, sehemu ya sanduku iwekwe pembeni kwa kulipia masomo ya auto-école na mtihani wa kijana mmoja, kwa zamu, tukianza na wale ambao tayari wamefanya miaka mitatu au zaidi kwenye kamyo. Mashofere wetu wenye permi wakubali kila mmoja kumchukua kijana mmoja wa chama, na kuandika ndani ya kaye nini amemfundisha: freni, mlima, muzigo, usiku, mafuta. Kaye hiyo haitakuwa permi. Lakini kijana akibadilisha shofere, hataanza tena na kale. Na dada zetu wanaotaka volani waandikishwe kama wengine. Sheria haijawakataza.

Majina yapokelewe na katibu wa kila kijiji kabla ya mkutano. Wazee walioendesha enzi za Zaïre, tunawaomba nao waje. Tunahitaji waseme, na tunahitaji mtu wa kuandika wanayoyasema.