Daraja la Kwanza na Daraja la Pili

Nchi ya Gwata, iliyo upande wa Kibaha na Kisarawe, ina jirani wawili wa chuma. Reli ya Kati, iliyoanzwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, hupita Soga na Ruvu. TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba kati ya 1970 na 1975, hupita Mzenga.

Katika reli ya zamani msafiri hakuchagua daraja. Daraja lilimchagua yeye. Kwa desturi ya ukoloni, la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika. Reli ya pili ilijengwa ili Zambia ipate njia ya bahari isiyopita mikononi mwa walowezi wa Rhodesia, waliojitangazia uhuru mwaka 1965. Hata hivyo madaraja yalibaki: la kwanza vyumba vya vitanda vinne, la pili vya vitanda sita, la tatu viti.

Basi msafiri atakaye kutazama wanyama wa iliyokuwa Selous alipata hiari ambayo babu yake hakuwa nayo. Wanne hulala kwa nafasi. Sita husimuliana mpaka usiku wa manane. Na twiga haulizi tiketi ya mtu aliye dirishani. Lakini hiari hiyo ni ya mwenye nauli. Rangi iliondoka mlangoni pa behewa, fedha ikaketi mahali pake.