Risasi Inayoacha Mkia wa Moto

Mwaka 1915, Zeppelin, ndege-puto za Ujerumani, zilipoanza kuidondoshea mabomu miji ya Uingereza, marubani waliorushwa kuzizuia walikuwa wakipiga rashasha gizani bila kujua risasi zinaelekea wapi. Hata zilizofika zilitoboa vitundu tu kwenye mifuko mikubwa ya haidrojeni, na chombo kikaendelea na safari.

James Buckingham wa Coventry alitia fosforasi ndani ya risasi, ikawa inawasha na kuacha mstari wa moshi nyuma yake. Frank Brock, wa ukoo mashuhuri wa watengeneza fataki, akaleta risasi ya kulipuka. John Pomeroy, mzaliwa wa New Zealand, akaleta yake. Usiku wa kuamkia 3 Septemba 1916, Luteni William Leefe Robinson, rubani kijana wa miaka 21, aliifuata ndege-puto ya Kijerumani SL 11 kaskazini mwa London akiwa na risasi za aina hizo. Visahani viwili vya risasi viliisha bila dalili yoyote. Cha tatu alikimalizia mahali pamoja, na chombo kizima kikawaka, kikaanguka Cuffley. Wakazi wa London waliokesha wakitazama angani walishangilia. Wajerumani 16 waliokuwamo waliteketea wote, na sioni haki ya kuisimulia shangwe ile bila kuwataja.

Mwaka huohuo ikaja SPG, risasi iliyotengenezwa hasa ili mpigaji aione njia yake. Kitakoni ilijazwa mchanganyiko wa magnesi na peroksidi ya bariamu, ambao uliwashwa na moto wa baruti na kuungua risasi ikiwa hewani. Kazi ya kuzijaza ilipewa Aerators Ltd, kampuni iliyojulikana kwa vichupa vya gesi vya Sparklet vya kutengenezea maji ya soda.

Mwanga ule, hata hivyo, una udanganyifu wake. Risasi inayoungua hupungua uzito, hivyo njia yake huachana na ya risasi ya kawaida kadiri umbali unavyoongezeka. Anayeurekebisha mlengo kwa kufuata mkia wa moto anaweza kuzikosesha shabaha risasi nyingine zote mkandani. Adui naye huuona mkia huohuo, akajua unakotoka.

Baadaye, masalio ya kijeshi ya risasi za aina hii yaliwafikia raia wa Marekani wanaojijazia risasi nyumbani kwa ajili ya shabaha. Naelewa kinachowavutia: kuiona risasi ikipinda kwa upepo na kushuka kwa uzito wake ni kukiona kitu ambacho kwa kawaida mpigaji hukikisia tu. Lakini moto hauzimiki kwa sababu shabaha imepigwa. California imezipiga marufuku risasi hizi za bunduki mikononi mwa raia, na viwanja vingi vya shabaha havizipokei. Tarehe 22 Julai 2009, katika kambi ya Carpiagne karibu na Marseille, wanajeshi wa Ufaransa walizitumia mazoezini wakati wa kiangazi. Zaidi ya hekta 1,000 za vichaka ziliungua, na moto ukafika kwenye nyumba za pembezoni mwa jiji.