Lenzi za kuvuta: jinsi ya kuchagua ifaayo kazi ya Ziwa Mweru

Lenzi ya kuvuta, ambayo wapiga picha wengi huiita zumu, humwezesha mtu kupanua au kubana eneo linaloonekana kwenye picha bila kusogea aliposimama. Kwa anayefanya kazi hiyo Nchelenge, Kashikishi au katika visiwa vya Ziwa Mweru, uwezo huo si anasa. Mtumbwi ukishasukumwa majini, mpiga picha hawezi kuufuata kwa miguu.

Lakini lenzi hizo hazilingani, na kosa la kununua ni ghali. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari serikali ya Zambia husimamisha uvuvi ili samaki wazaliane. Katika miezi hiyo fedha huadimika ufukweni, na mwenye studio ndogo ambaye mtaji wake umelala ndani ya lenzi isiyofaa kazi yake hana wa kumuuzia. Ndiyo maana inafaa kujua mapema maana ya namba zinazochorwa kwenye lenzi, kwa kuwa muuzaji hutaja ile inayopendeza tu.

Namba za milimita

Namba kama 18–55 au 70–300 zinataja urefu wa fokasi kwa milimita. Namba ndogo huona eneo pana, namba kubwa hubana na kuleta kilicho mbali. Muuzaji aghalabu husema lenzi yake “inavuta mara kumi” au “mara kumi na sita”. Huko ni kugawanya tu namba kubwa kwa ndogo. Lenzi ya 18–55 huvuta mara tatu, na ya 70–300 huvuta mara nne na kidogo. Ukihesabu hivyo utadhani zinakaribiana, ilhali ya pili hufika mbali zaidi ya mara tano kuliko ya kwanza. Kwa hiyo tazama milimita zenyewe, usitazame “mara ngapi”.

Iko hesabu nyepesi inayoweza kufanywa dukani kwa simu. Chukua umbali uliopo kati yako na unachokipiga, uzidishe kwa upana wa kihisi cha kamera, kisha ugawanye kwa urefu wa fokasi. Kamera nyingi za kubadilisha lenzi zinazouzwa kwa bei ya kawaida zina kihisi chenye upana wa milimita 22 hadi 24. Tuseme mtumbwi wa mita 6 uko mita 100 kutoka ufukweni. Kwa milimita 55 picha itachukua upana wa karibu mita 43, na mtumbwi utakuwa sehemu moja ya saba ya picha hiyo. Kwa milimita 200 upana unashuka hadi mita 12, na mtumbwi unajaza nusu. Kwa 250 ni mita 9 na ushei. Kwa 300 ni karibu mita 8.

Hapo msomaji ataona jambo ambalo tangazo la biashara halisemi. Kutoka 55 kwenda 200 ni hatua kubwa, lakini kutoka 250 kwenda 300 ni tofauti ya mita moja na nusu. Anayeongeza fedha nyingi kwa ajili ya hatua hiyo ya mwisho ananunua kidogo sana. Na mtumbwi ukiwa umbali wa kilomita moja, hata lenzi ya 300 itauonyesha kama kijiti ndani ya upana wa mita 78. Kati ya Agosti na Oktoba, moshi wa mashamba yanayochomwa na mawimbi ya joto juu ya maji huifanya picha ya mbali kiasi hicho iwe kama imepigwa nyuma ya pazia, hata kwa lenzi ya bei kubwa kiasi gani.

Kamera za kitaalamu zenye kihisi kikubwa, cha milimita 36 kwa 24, huona eneo pana zaidi kwa lenzi ileile. Lenzi ya 200 kwenye kihisi kidogo hubana kama vile 300 inavyobana kwenye kihisi kikubwa. Kwa anayetafuta umbali kwa fedha chache, kamera ndogo ina faida.

Mwanga ndio unaoamua

Namba ya pili, inayoanza na herufi f, hutaja upana wa tundu linalopitisha mwanga. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupumbaa. Namba ikiwa ndogo, tundu ni pana. Lenzi ya f/2.8 huingiza mwanga mara nne ya lenzi iliyo kwenye f/5.6. Kikiandikwa f/3.5–5.6, maana yake ni kwamba tundu hujibana kadiri unavyovuta, na kwamba mwisho wa kuvuta, pale unapohitaji mwanga zaidi, ndipo unapoupata mchache.

Nchelenge iko ufuko wa mashariki, ziwa likiwa upande wa magharibi. Asubuhi jua humulika kutoka nyuma ya mpiga picha, likiangaza nyuso za wavuvi wanaorudi. Hata lenzi ya f/5.6 hutosha wakati huo. Jioni jua linazama upande wa Kongo, na kila kilicho majini hugeuka kivuli cheusi. Picha hizo hupendeza, ila mteja anayetaka kuonekana uso hatazilipia.

Dagaa wa Mweru, wanaoitwa chisense, huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga ule unawatosha samaki, si lenzi ya kawaida ya kuvuta. Kwa kazi hiyo, na kwa sherehe za ndani ya ukumbi wenye balbu mbili, lenzi isiyovuta ya milimita 50 yenye f/1.8 huingiza mwanga takriban mara kumi ya lenzi ya f/5.6, na kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi mpya za bei nafuu kabisa. Mwenye studio anayeishi kwa picha za watu angefaa kuinunua hiyo kabla ya kufikiria lenzi yoyote ndefu.

Mtikisiko ni jambo la karibu na hilo. Lenzi ndefu hukuza kila tetemeko la mkono. Kanuni ya zamani husema kasi ya shata isipungue moja chini ya urefu wa fokasi. Kwa lenzi ya 250 kwenye kihisi kidogo, hiyo ni takriban sehemu moja ya 400 ya sekunde. Lenzi nyingi za kisasa zina kituliza mtikisiko: Canon huandika IS, na Nikon huandika VR. Kifaa hicho husaidia mkono tu. Hakimsimamishi mvuvi anayerusha wavu, wala hakifuti msukosuko wa boti unayoipanda. Ukiwa majini, sehemu moja ya 1,000 ya sekunde ndiyo salama.

Ipi kwa kazi ipi

Kwa wengi wa pwani hii, jozi ya 18–55 na 55–200 au 55–250 zenye kituliza ndiyo inayolipa. Canon 55–250 ya f/4–5.6 ina uzito wa gramu 375 tu katika toleo lake la STM, na inamudu hata ngoma ya Mutomboko huko Mwansabombwe, ambako Mwata Kazembe wa Walunda hucheza mbele ya umati kila mwishoni mwa Julai na mpiga picha hapati nafasi ya kusogea. Ihofu Canon 75–300 isiyo na kituliza, ambayo mara nyingi hufungashwa pamoja na kamera ili boksi lionekane kubwa. Milimita zake 300 kwenye karatasi huzaa picha hafifu kuliko 250 iliyotulizwa.

Lenzi moja ya 18–300 huondoa usumbufu wa kubadilisha, na kwenye mchanga wa Kashikishi hilo si jambo dogo, maana chembe moja ikiingia ndani ya kamera huacha doa katika kila picha. Gharama yake ni uzito, giza na ukali mdogo wa picha kwenye ncha zote mbili. Kamera za lenzi isiyofunguka kama Nikon P900 ya mwaka 2015 hufika mbali kushinda zote hizi, lakini eneo la kihisi chao ni dogo mara 13 hivi kuliko la kamera ya kubadilisha lenzi. Jua likitua, picha zake hujaa chengachenga. Na kuvuta kwa simu kwa kutanua vidole ni kukata picha tu: ukivuta mara mbili kwa njia hiyo, robo tu ya picha ndiyo hubaki.

Lenzi ndefu ina jambo jingine katika wilaya iliyo mpakani. Kuielekeza kwenye kituo cha uhamiaji, bandari au askari huleta maswali, na maeneo ya ulinzi hayapigwi picha bila ruhusa. Wakimbizi wa makazi ya Mantapala, ambao wengi wao walitoka Kongo, wanaweza kuwa na sababu nzito za kutotaka nyuso zao zionekane. Kuweza kumpiga mtu bila yeye kujua hakukupi idhini yake.

Ukinunua iliyotumika

Kwanza hakikisha inafunga kwenye kamera yako. Lenzi za Canon za RF haziingii kwenye kamera za zamani za EF, ingawa za EF huingia kwenye zile mpya za R kwa kiunganishi. Kwa Nikon, kamera za familia ya D3000 na D5000 hazina mota ndani yake, hivyo lenzi za zamani zisizo na mota hulengwa kwa mkono tu; nazo lenzi za AF-P hazifanyi kazi kwenye D90 wala D3000.

Kisha ipeleke gizani, umulike tochi kutoka nyuma na kutazama ndani. Nyuzi nyembamba kama za buibui ni kuvu, ambayo hupenda unyevu, na kuisafisha huweza kugharimu kuliko lenzi. Ishike ikitazama chini uone kama inajivuta yenyewe. Piga picha ya ukuta wenye matofali kwenye kila ncha ya kuvuta, uikuze, ulinganishe pembe nne. Pembe moja ikiwa imefifia kuliko nyingine, huenda lenzi hiyo iliwahi kuanguka. Ukifika nayo nyumbani, iweke katika chombo kinachofunga vizuri pamoja na vile vifuko vya chembe za kufyonza unyevu vinavyotiwa ndani ya maboksi ya viatu, na vifuko hivyo uvibadilishe mara kwa mara, hasa masika.