Ritifaa ya Ng'ombe

Sisi tunaoandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini tuliingia katika zama za kompyuta kwa bahati njema ambayo wengi wetu hatukuitambua. Kompyuta haijui a wala b. Inajua namba, na lazima liwepo jedwali la kusema kuwa namba fulani ni herufi fulani. Wamarekani walitoa jedwali lao, ASCII, mwaka 1963, na katika kulitunga walijifikiria wenyewe. Lilikuwa na nafasi 128 tu. Mfaransa hakuiona é yake, Mrusi hakuona herufi yake hata moja. Mswahili alivikuta vyote vyake, pamoja na ritifaa, kile kialama cha ng', kikiwa namba 39.

Waliobaki nje wakajitengenezea majedwali. Kwa kuongeza biti moja zilipatikana nafasi nyingine 128, na kila nchi na kila kampuni ikazijaza ilivyotaka. Namba 233 ikawa é katika jedwali la Ulaya Magharibi na й katika jedwali la Windows la Kirusi. Na faili la maandishi matupu halina mahali pa kusema limeandikwa kwa jedwali lipi. Ugonjwa wote unaanzia hapo.

Kwetu uliingia kwa mlango wa ritifaa. Programu za kuandikia zilianza kuigeuza ritifaa yetu iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, eti inapendeza zaidi. Iliyopinda haimo katika ASCII. Niliwahi kuletewa muswada wa hadithi za wazee uliokuwa njiani kwenda kupigwa chapa, na ndani yake nikakuta mnyama asiyefugwa popote duniani: ngâ€™ombe. Mpiga chapa alishauri takataka zote zile zifutwe, kazi iendelee. Nilikataa. Mzee aliyesimulia habari ya kung'oa angesomeka anasema ngoa, na ngoa ni tamaa au wivu; hadithi ingekuwa nyingine kabisa.

Tiba yake ilikuwa nyepesi. Faili lilikuwa limeandikwa kwa UTF-8, ambamo ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu: 226, 128 na 153. Programu ya mpiga chapa ilikuwa ikizisoma moja moja kwa jedwali la Windows, ikapata â, kisha €, kisha ™. Tulilifungua upya, tukaiambia programu isome UTF-8, na ng'ombe wakarudi zizini.

Kinyume chake ndicho cha kuogopwa. Katika jedwali la Windows ritifaa iliyopinda ni namba 146. Ukilisoma faili la namna hiyo kama UTF-8, 146 peke yake haina maana, na programu nyingi huweka badala yake almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza. Kutazama hakudhuru kitu. Ukihifadhi, lakini, 146 imekwenda, na hakuna fundi atakayejua kama pale palikuwa na ritifaa au alama ya kufungia usemi. Ndiyo maana mimi hutoa nakala kwanza, hujaribu majedwali kwenye nakala hiyo, na sihifadhi chochote mpaka maneno yasomeke. Nikihifadhi, nahifadhi kwa UTF-8.

Hiyo UTF-8 ilibuniwa na Ken Thompson akiwa na Rob Pike Septemba 1992, katika mkahawa wa New Jersey, juu ya karatasi ya kutandikia meza. Ilikuwa njia ya kuandika namba za Yunikodi, jedwali la lugha zote lililoanza kutolewa mwaka 1991, bila kuyaharibu mafaili ya zamani ya ASCII. Sijui karatasi nyingine ya mkahawani iliyofanya kazi kubwa kama ile.

Lakini ile bahati yetu niliyoitaja ilikuwa nusu tu. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858, maandishi ya pwani yalikuwa ya herufi za Kiarabu. Jedwali la kimataifa la Kiarabu la 1987 lilikuwa na herufi za Kiarabu chenyewe; pe, che na ve, ambazo Kiarabu hakina na Kiswahili kinazo, hazikupewa nafasi. Yunikodi ilizipokea. Siku hizi ninanakili tenzi kwa hati ile: naandika pe yenye nukta tatu chini, nahifadhi, nafunga faili. Nikilifungua kesho yake, nukta zote tatu zipo.