WATU WATANO WASIO NA MAJINA

Wadau, wengi tumeshapiga picha pale Mkunazini, Mji Mkongwe, kwenye shimo lenye sanamu tano zilizofungwa minyororo shingoni. Ni kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Minyororo ni ya kweli, ya enzi zile. Majina hamna.

Hapo palikuwa soko la watumwa. Sultani Barghash alilifunga Juni 1873, Waingereza walipombana. Wengi tunajua stori inaishia hapo. Kumbe wapi!

Panda daladala mpaka Mangapwani, kaskazini ya Mji. Unashuka ngazi, unaingia chumba kilichochongwa ndani ya mwamba wa matumbawe, karibu na bahari. Humo watu walifichwa baada ya marufuku, wakingojewa kuvushwa kwa magendo. Utumwa wenyewe Unguja ulikuja kufutwa kisheria 1897. Yaani miaka 24 soko limefungwa, na mtu bado ni mali ya mtu!

Mkunazini angalau kuna nyuso. Mangapwani ni jiwe na giza, na waliopita humo hatujui hata mmoja aliitwa nani. Kwa hiyo ukiziona zile tano hazina majina, ujue zinawasimamia na hao.