Daraja la Ouse na Wenye Mashua

Wanafunzi wetu wakisikia Uingereza hufikiria London tu. Leo tuwapeleke shamba, Sussex, kwenye bonde la mto Ouse. Huko lipo daraja la reli lenye matao 37, urefu wa mita 450 hivi, na kimo karibu mita 29. Treni za Brighton zilianza kulipita mwaka 1841, miaka minne baada ya Malkia Victoria kushika utawala, na hadi leo zinapita.

Mhandisi alikuwa John Rastrick. Alitumia matofali kama milioni 11, lakini nguzo si nzito kama zionekanavyo: kila moja imetobolewa katikati, tao juu na tao lililopinduliwa chini. Ukisimama chini ukachungulia, waona matundu yamefuatana kama milango ya nyumba moja ndefu. Fundi akaokoa matofali na uzito, na nguvu ikabaki.

Kinachotushughulisha zaidi ni wale wenye mashua. Matofali yaliletwa kwa maji, kupitia mto huo huo. Wakapata kazi na ujira. Reli ilipokamilika, mizigo ikahama mtoni ikapanda treni, na mwishoni mwa miaka ya 1860 mashua zikawa zimeacha kufika sehemu za juu za Ouse. Walibeba wenyewe kilichowanyima riziki. Hatuwalaumu, nani angekataa kibarua cha siku ile?

Daraja nalo lilichakaa, hata likafanyiwa ukarabati mkubwa miaka ya 1990.